Kufunga mkono wa kupakia na kucha za magogo kwenye trekta: naomba ushauri kabla sijainua gogo la kwanza

Msindano_Mafinga aliandika:

Shikamooni wakubwa wangu, na wenzangu wote habari za kazi.

Nipo Mafinga, wilayani Mufindi, ambako mimi na kaka yangu tuna shamba la misindano la ekari 18, jirani na msitu wa Sao Hill. Msimu huu tumeanza kuvuna. Mpaka mwezi uliopita tulikuwa tunapakia magogo kwenye lori kwa mabega ya vijana, tukiyasukuma juu ya nguzo mbili zilizoegemezwa kwenye bodi, hadi siku moja gogo liliporudi nyuma na kumvunja kijana mmoja mguu chini ya goti. Tangu siku hiyo nimekataa gogo lolote lipandishwe kwa mabega, na ndiyo sababu ya kuandika hapa.

Tunalo trekta aina ya Massey Ferguson 385 linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nimenunua mkono wa mbele wa kupakia uliotumika, uliofunguliwa kutoka kwenye trekta la aina nyingine, pamoja na kucha za kukamatia magogo zenye silinda mbili. Nilivipitisha kwenye mzani: mkono una kilo 480 na kucha zina kilo 220. Vali yake ya kuendeshea ina herufi P, T, N, A na B zilizochorwa kwenye chuma, lakini aliyeniuzia hakuwa na kitabu chake wala hakujua kueleza. Mipira ya haidroliki ipo, mingine imechubuka hadi nyaya za ndani zinaonekana.

Breketi za mkono hazilingani na matundu ya trekta langu. Mchomeleaji wa hapa mjini ameniambia atazichomelea moja kwa moja kwenye mwili wa trekta kwa nusu siku, nami nikamwomba asubiri kwanza niulize. Naomba pia nifahamishwe namna ya kuunganisha mipira bila kuharibu pampu, na kama naweza kuinua magogo mawili kwa pamoja ili lori lijae upesi. Magogo yetu yana urefu wa mita 4, na manene kabisa yana kipenyo cha sentimita 45. Muuzaji alinihakikishia kwamba mkono huu unainua tani moja na zaidi.

---

Fundi_Presha alijibu:

Marahaba, kijana wangu, na pole sana kwa huyo aliyevunjika mguu. Umefanya vyema kumzuia mchomeleaji, kwa sababu kosa ambalo angelifanya kwa nusu siku hiyo lisingerekebishika. Nimeshika haidroliki kwa miaka 22, kwanza kwenye mashine za kupasua mbao na baadaye kwenye mitambo ya barabara, kwa hiyo nitasema yale ya ufungaji na kuwaachia wenzangu habari za uendeshaji.

Trekta lako halina chasisi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi na gia boksi vimefungwa kimoja nyuma ya kingine kwa bolti, na mwili huo wa chuma cha kumimina ndio uti wa mgongo wa trekta zima. Chuma cha kumimina hakikubali kuchomelewa kienyeji: pembeni ya mshono panakuwa pagumu na pakavu kama kigae, na ufa huanzia hapo hapo baada ya mtikisiko wa wiki chache. Tengeneza breketi mpya za bamba nene, zifungwe kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha ubavuni mwa trekta, na kutoka kwenye breketi hizo peleka mihimili miwili, mmoja kila upande, hadi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma. Kazi ya mihimili hiyo ni kuzuia nguvu ya mzigo isiishie katikati ya trekta. Mkono usiokuwa nayo, kila gurudumu la mbele linapoingia shimoni huku gogo likiwa juu, hupinda maungio ya injini na nyumba ya klachi, na nimewahi kuitwa kuliangalia trekta lililokatika hapo, nusu ya mbele imelala chini na nusu ya nyuma imesimama kama iliyoshangaa. Mchomeleaji wako ana kazi ya kufanya, tena kazi nzuri, ila aifanye juu ya meza yake kwa kuunda breketi mbali na trekta.

Bolti ziwe za daraja la 8.8 au 10.9, namba ambazo utazisoma kwenye kichwa cha bolti yenyewe; isiyo na namba iache dukani. Bolti ya milimita 16 ya daraja la 8.8 hukazwa kwa nguvu ya karibu Nm 200, na hiyo hupimwa kwa spana maalumu ya kupimia, kwa kuwa hata mkono wa fundi mzoefu hudanganya. Fanya kazi saa moja, simamisha, kaza tena zote. Kisha rudia baada ya saa 10 za kazi. Rangi na kutu vilivyobanwa katikati ya chuma na chuma husagika, na bolti iliyokuwa imekaza asubuhi huwa imelegea jioni bila mtu kuigusa.

Nije kwenye vali. P ni mlango ambao oili huingilia kutoka kwenye pampu. T ni mlango wa kurudi kwenye tangi. A na B ni njia za kwenda na kurudi kwenye silinda, na ziko jozi moja kwa kila kishikio cha vali. N ni mlango wa oili yenye presha inayoendelea mbele kuhudumia kifaa kinachofuata, kwa mfano mikono ya nyuma inayobeba jembe. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni fundi kuona N imezibwa, akachukua mpira wa T na kuupeleka kwenye kifaa kinachofuata. Siku jembe linapoinuliwa, presha yote hurudi ndani ya mwili wa vali, upande ambao haukuundwa kuistahimili, na vali hupasuka mikononi mwa dereva. T ina njia moja tu, ya kurudi kwenye tangi, iwe pana na isiwe na kizuizi chochote. Usiweke hata kapulingi ya kuchomoa kwa haraka kwenye njia hiyo, kwa sababu kapulingi isiyoingia sawasawa hujifunga kwa ndani, na oili isiyo na pa kurudia hutafuta mahali pa kutokea. Ukitaka kuitumia N, iwekewe kwanza kifungo chake maalumu cha ndani kinachotenganisha presha na njia ya kurudi. Bila kifungo hicho iache ilivyo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha pampu unayoichukulia oili ni ile inayohudumia vifaa vya nje, na mfanye fundi mwenye geji apime presha yake. Usikaze kamwe skrubu ya vali ya kupunguza presha kwa kusikiliza mlio wa injini. Nakupa hesabu ndogo ili uione nguvu unayocheza nayo: silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, ambayo ni ya kawaida kwenye kucha, ikipata presha ya baa 180 husukuma kwa zaidi ya tani 3 na nusu. Kidole kilichoingia kwenye maungio ya kucha wakati huo hakina la kujitetea.

Mipira iliyoonyesha nyaya tupa yote, leo. Nunua mipira yenye safu mbili za nyaya, ambayo imeandikwa 2SN au R2AT ubavuni. Ule wa nusu inchi wa aina ya 2SN una kiwango cha kazi cha baa 275, ilhali ndugu yake wa 1SN, anayefanana naye kabisa kwa macho, ana baa 160 tu. Kwa hiyo soma maandishi, usimsikilize muuzaji. Usiukunje mpira huo kwa kona iliyo finyu kuliko nusu kipenyo cha sentimita 18, usiufunge ukiwa umejisokota, na uache ulegevu kidogo, kwa kuwa presha inapoingia mpira hufupika. Inua mkono hadi juu, ushushe hadi chini, kunja kucha na kuzifungua, huku ukitazama kila mpira unapita wapi, kabla ya kukaza nati ya mwisho.

Kuhusu nati zenyewe: kuna nyuzi za Kiingereza, za Kimarekani na za milimita, na nyingine huingiliana mizunguko miwili au mitatu kana kwamba ni ndugu. Zisipoingia hadi mwisho kwa vidole, acha. Na ile tepu nyeupe ambayo mafundi wetu wanaipenda haina kazi hapa. Nati za haidroliki huziba kwa koni ya chuma au kwa mpira wa duara. Tepu inachokifanya ni kukatika vipande na kwenda kuziba vali. Ziba ncha za mipira kwa vifuniko safi hadi dakika ya kuunganisha, kwa sababu kwenye matrekta mengi oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia boksi, na mchanga wa kucha za mitumba utaingia mpaka kwenye gia.

Jambo la mwisho upande wangu ni vali za kuzuia oili isirudi. Weka moja kwenye kila silinda ya kucha, ifungwe kwenye silinda yenyewe bila mpira katikati. Mpira ukipasuka, kucha zitabaki zimeshika. Mkono bila vali hiyo kwenye kucha mimi siwezi kuukabidhi kwa mteja.

---

Opereta_wa_Zamani alijibu:

Fundi ameeleza vizuri, nami nitalijibu swali la magogo mawili, kwa maana ndilo linaloua.

Gogo bichi la msindano lenye urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 45 lina mita za ujazo 0.636. Ukihesabu kilo 950 kwa mita ya ujazo, unapata kilo 600 kwa gogo moja. Sasa tuseme kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana mita 2.2, na gogo linaning'inia mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Gogo hilo moja linaipunguzia ekseli ya nyuma kilo 409, na ekseli ya mbele inaongezewa kilo 1,009, yaani uzito wa gogo lenyewe pamoja na ule ulioporwa nyuma. Magogo mawili yataipora nyuma kilo 818 na kuibebesha mbele kilo 2,018, na hapo sijagusa kilo 700 za mkono na kucha ambazo ziko mbele wakati wote. Hiyo tani moja ya muuzaji ni uwezo wa silinda kuinua. Silinda haijui kama tairi za nyuma bado zimekanyaga ardhi, na breki za trekta ziko kwenye tairi hizo hizo za nyuma. Beba gogo moja, ndugu yangu, hata kama lori litachelewa.

Hata hilo moja usilibebe kabla hujaweka uzito nyuma. Tengeneza boksi la mbao lenye sentimita 60 kila upande, weka nondo na pini za kushika kwenye mikono mitatu ya nyuma, kisha mwaga zege. Likikauka utakuwa na jiwe la kilo 500 na ushee. Jiwe hilo likikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, linaiongezea ekseli hiyo zaidi ya kilo 720 na linaipunguzia ekseli ya mbele zaidi ya kilo 220. Unaweza pia kujaza maji kwenye tairi za nyuma hadi usawa wa vali, vali ikiwa imezungushwa juu, ambapo ni takriban robo tatu ya tairi. Maji hayo yanaweka uzito chini, mahali pazuri, lakini hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja, kwa hiyo yasichukue nafasi ya zege.

Namna ya kwenda na mzigo sasa. Ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa katikati kwa pini moja ili ifuate mabonde ya ardhi. Maana yake trekta halisimami juu ya pembe nne kama meza. Linasimama juu ya pembetatu, pini hiyo ya mbele na magurudumu mawili ya nyuma. Mzigo ukiwa chini, sentimita 30 juu ya ardhi, uzito hubaki ndani ya pembetatu. Ukiinua gogo hadi usawa wa macho na kukata kona, uzito hutoka nje ya mstari na hakuna dereva mwenye mikono ya haraka kiasi cha kuurudisha. Kwa hiyo gogo linainuliwa mbele ya lori tu, trekta likiwa limenyooka na limesimama, na linashushwa kabla ya kurudi nyuma kwa zaidi ya hatua chache.

Nimepita njia za Mufindi wakati wa masika na nazijua: udongo mwekundu, ukilowa unakuwa kama sabuni. Kwenye mwinuko, mzigo uelekee juu ya mlima wakati wote, ukipanda nenda mbele, ukishuka shuka kinyumenyume. Kukata mteremko kwa ubavu huku umebeba gogo usikujaribu hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu. Gogo likamatwe katikati ya uzito wake, ambako kwa msindano ni karibu na upande wa shina kuliko katikati ya urefu. Likiinama upande mmoja liweke chini ulikamate upya, usilisawazishe hewani. Kucha zisitumike kuburura gogo kwa pembeni, kwani pini zake zimeundwa kwa uzito wa juu na chini.

Mwisho, tazama juu ya kiti chako. Kama pana paa la bati la kuzuia jua, hicho ni kivuli tu. Gogo lililo juu ya mkono ulioinuliwa sana linaweza kuviringika kurudi nyuma juu ya mkono hadi kwa dereva, na paa hilo litakunjika kama karatasi. Trekta la kazi hii linahitaji nguzo imara za kumkinga dereva na mkanda wa kiti, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu mkanda bila nguzo unamfunga mtu chini ya trekta linalopinduka.

---

Shamba_la_Njombe aliuliza:

Samahani kwa kuingilia kati. Sisi tuna mkono kama huo, na unashuka wenyewe polepole tukiuacha juu, labda sentimita 10 kwa dakika 20. Kijana wetu huingia chini yake kupaka grisi kwenye pini. Je, kushuka huko polepole ni hatari au ni kawaida ya mitambo ya zamani?

---

Fundi_Presha alijibu:

Mtoe huyo kijana leo, kabla ya kazi nyingine yoyote. Kushuka polepole kunaonyesha oili inapenya kwenye sili za pistoni au ndani ya vali, na sili inayovuja taratibu inaweza kuachia yote kwa mara moja. Lakini hata mkono usioshuka kabisa mtu haingii chini yake kwa kuitegemea oili. Kata chuma cha pembe chenye urefu wa fito ya silinda ilipotoka nje yote, kifunike fito hiyo kati ya mwili wa silinda na jicho lake la mbele, kipigie pini kisidondoke, na upande wa pili fanya hivyo hivyo. Chuma hicho kipakwe rangi nyekundu na kifungwe kwenye trekta lenyewe, kwa maana kilichoachwa stoo hakitafutwi. Pini nyingi za kupaka grisi zinafikika mkono ukiwa chini ardhini. Anza na hilo.

---

Dada_Usalama alijibu:

Wapendwa, naomba niongeze jambo ambalo bado halijaguswa, nalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Nilikuwa msimamizi wa usalama kwenye eneo la ujenzi wa barabara. Msaidizi wa fundi, kijana wa miaka 24, aliona ukungu mwembamba wa oili ukitoka kwenye mpira wa kijiko, akapitisha kidole cha shahada kutafuta tundu lilipo. Alihisi kitu kama siafu amemuuma. Nilikitazama kidole hicho mimi mwenyewe: palikuwa na nukta moja, ndogo kuliko ncha ya kalamu, na tone la damu lililojifuta lenyewe. Hakusikia maumivu makubwa, akaendelea na kazi. Zahanati ya karibu walimpa dawa ya kutuliza maumivu. Usiku kidole kilivimba, kikawa kigumu na cheupe kama nta, na maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Alipofika kwa daktari wa upasuaji ilikuwa siku ya pili, na kidole hakikuokolewa.

Oili yenye presha inapotoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi kama sindano ya bomba, na hata presha ya karibu baa 7 inatosha kufanya hivyo, ilhali trekta linafanya kazi na baa 180. Ikishaingia, hufuata njia za mishipa na kano, ikiua nyama kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Kwa hiyo uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi la karatasi ngumu au ubao, ukiwa umevaa miwani, na mkono uko mbali. Ikitokea mtu amechomwa, asikandwe, asikamuliwe, asichanjwe wala kuwekewa maji ya moto. Aondoe pete, anyanyue mkono, asile chochote kwa sababu huenda akapasuliwa, na aende hospitali yenye daktari wa upasuaji ndani ya saa chache, si kesho. Mwandikieni kwenye karatasi: "Amechomwa na oili ya haidroliki yenye presha", na pelekeni kopo la oili hiyo lenye jina lake. Mhudumu asiyeambiwa ataona nukta ndogo tu na kumrudisha mtu nyumbani, kama alivyorudishwa yule kijana.

Kabla ya kufungua nati yoyote, shusheni kucha ardhini, zimeni injini, kisha sogezeni kila kishikio cha vali pande zote mara kadhaa ili presha iliyobaki kwenye mipira itoke. Injini iliyozimwa haina maana kwamba mpira hauna presha.

Ndugu wa Mafinga, kwa kuwa unaajiri vibarua, wewe ni mwajiri mbele ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, hata kama shamba ni la familia. Fika ofisi ya OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uulize habari za usajili, na uulizie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hasa baada ya ajali iliyokwisha kutokea. Watu wote wanaobaki karibu na lori wakati wa kupakia wasimame mahali ambapo dereva anawaona, kwa umbali unaozidi urefu wa gogo, na mmoja tu ndiye aonyeshe ishara.

---

Msindano_Mafinga aliandika:

Nawashukuru sana, wakubwa wangu na dada yangu. Nimesoma majibu haya pamoja na kaka, mara mbili, na tumeamua hivi. Mchomeleaji ameanza kuunda breketi mezani kwake baada ya mimi kumpelekea vipimo vya matundu, na mihimili ya kwenda ekseli ya nyuma tumeichora pamoja. Mipira yote tumeitupa. Boksi la zege tumelimwaga jana jioni. Paa la bati tutaling'oa, na kwanza tunatafuta nguzo za kumkinga dereva zilizoundwa kwa trekta la aina yetu, kwa maana sitaki kubuni mwenyewe kitu kama hicho. Mpaka zipatikane hatutainua gogo.

Nimebakiwa na swali moja. Silinda hizi zimekaa tupu kwa muda mrefu. Siku ya kwanza ya kuwasha nianzeje?

---

Fundi_Presha alijibu:

Swali zuri, kwa sababu silinda yenye hewa ndani huweza kuuachia mkono ghafla. Paka grisi pini zote, jaza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, na usichanganye na nyingine. Toa watu wote mbele ya trekta. Washa injini, iache kwenye mlio wa chini, bila gogo na kucha zikiwa zimelala ardhini. Inua sentimita 20, shusha. Inua tena 20, shusha, hadi mwendo uwe laini bila kurukaruka. Kisha fanya hivyo hivyo kwa kukunja, halafu kwa kucha. Silinda zitameza oili nyingi, kwa hiyo zirudishe fito zote ndani, zima, subiri dakika chache, pima kina cha oili na uongeze. Rudia hadi kipimo kisishuke tena, na oili isiwe na povu.

Baada ya hapo pitia kila nati kwa kipande cha boksi kama dada alivyosema. Hakikisha pia pini zinazoshika kucha kwenye mkono zimetokeza upande wa pili na zina vifungo vyake: shuka utazame kwa macho, kisha rudi kitini, bonyeza ncha za kucha ardhini na urudi nyuma taratibu. Kama pini haijaingia, utaiona ikifunguka pale chini, kwenye sentimita 10.

Gogo la kwanza liwe jembamba kuliko yote uliyonayo.